Sukari ishuke mpaka ngapi? Niliyojifunza labo, Kadutu

Swali ninaloulizwa zaidi siku hizi, dirishani pa labo (maabara) na hata nikiwa njiani kuteremka Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, ni hili: "Mama labo, sukari ishuke mpaka ngapi ndipo mwili uanze kuchoma mafuta?" Watu wanataka namba. Wameona video kwenye simu, wamelisikia neno ketosisi, yaani hali ya mwili kuchoma mafuta na kutoa ketoni, na kwa kuwa glukometa, kimashine cha kupima sukari ya damu, inatoa namba, wanadhani ipo moja ya kufikia. Haipo. Nimekaa miaka mingi nikisoma bandeleti za mkojo na matone ya damu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, halafu nikaja kujipima mwenyewe kwa muda, na yote niliyoyaona yananirudisha palepale: sukari ya damu inatoa habari, lakini anayeamua ni insulini, homoni inayotolewa na kongosho. Na insulini, kwa mashine zetu, hatuioni.

Nianze na bandeleti, maana ndiyo iliyonifungua macho. Ni kijiti cha plastiki chenye vibao vidogo vya rangi. Unakichovya mkojoni, unakipangusa kwenye ukingo wa kikombe, unasubiri chini ya dakika moja, kisha unakilaza kando ya chupa yake ulinganishe rangi. Macho yangu huenda kwanza kwenye vibao viwili. Cha sukari hutoka kwenye kijani cha bluu kikaelekea kahawia. Cha ketoni, zile zinazotokana na mafuta yanayochomwa, hutoka rangi ya krimu, kikawa waridi, na zikiwa nyingi kinaiva zambarau. Sukari haionekani mkojoni mpaka ile ya damu ipite kama 180 mg/dL, kwa sababu chini ya hapo figo zinairudisha yote ndani. Wengi wanaoleta kikombe asubuhi, vibao vyote viwili vinabaki jinsi vilivyokuwa. Mzee mwenye kisukari cha ukubwani asiyefuata dawa, cha sukari kinageuka kahawia na cha ketoni kinakaa kimya. Hao nilikuwa nimewazoea. Walionifundisha ni watu wengine wawili. Nimebadilisha mambo madogo madogo wasitambulike.

Bukavu watu wanafunga. Kanisa linatangaza siku tatu, mara saba, wengine wanajiongezea, na wapo wanaofunga kavu bila hata maji. Mama mmoja aliletwa na binti yake katikati ya maombi kama hayo, kichwa kinamgonga, miguu haina nguvu. Kibao cha sukari hakikubadilika hata kidogo. Cha ketoni kikawa zambarau kabla sijamaliza kuhesabu. Tone la damu la kidoleni lilitoa 66. Mwanafunzi wa staji aliyekuwa pembeni yangu akasema kwa sauti, "Asetoni!", jina tunaloziita ketoni labo, na yule binti akashika kichwa kwa mikono miwili. Daktari hakushtuka. "Mama, mwili wako umefanya kazi yake vizuri kabisa," alimwambia. "Sasa kunywa maji, kunywa uji mwepesi, na mwambie Mungu umemaliza." Jioni alirudi kwake kwa miguu.

Wa pili ni kijana aliyebebwa na mjomba wake kutoka upande wa Walungu. Kwao walikuwa wamekwisha kusema mengi: malaria, halafu homa ya matumbo, halafu karuho (sumu ya kulishwa), na pesa ziliishia kwa waganga wa kienyeji. Amekonda, midomo imekauka, anatapika, anavuta pumzi ndefu nzito kana kwamba amepanda mlima mbio. Pumzi hiyo ilinuka dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Na sisemi kwa mfano: asetoni iliyo kwenye kichupa cha saluni ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikitoka mapafuni mwake. "Mama, huyu mtoto anamaliza bidoni ya maji," mjomba alisema, "na usiku kucha yuko chooni." Nilipomchoma kidole glukometa haikuandika namba. Iliandika HI, ambayo kwa mashine ile ni juu ya 600. Mkojoni, sukari kahawia nzito, ketoni zambarau nzito.

Weka matokeo hayo mawili mezani uyatazame. Mama wa maombi ana sukari 66 na ketoni tele. Kijana ana sukari juu ya 600 na ketoni tele. Kama ketosisi ingekuwa inasubiri sukari ishuke, kijana asingekuwa na ketoni hata chembe. Kinachowaunganisha ni insulini iliyo chini. Kwa yule mama iko chini kwa sababu hajala, lakini ipo, inadondoka kidogo kidogo na kuuwekea mwili mipaka. Kwa kijana imekatika, seli za kongosho zinazoitengeneza zimeharibiwa, na hakuna wa kuusimamisha moto. Mafuta yanamwagika kwenye ini bila kipimo, ketoni zinarundikana mpaka damu inakuwa chachu, na ile pumzi nzito ni mwili unajaribu kutoa asidi kupitia mapafu. Tulimpeleka hospitali kubwa na serumu (dripu) mkononi. Alipona, na leo anajichoma insulini mwenyewe.

Kabla ya 1922 asingepona. Mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini alikuwa mvulana wa miaka 14 huko Toronto, Leonard Thompson, na kisa chake ninakipenda kwa sababu kimeandikwa kwa lugha ya labo. Watafiti Banting na Best walikuwa wameitoa insulini kwenye kongosho la mbwa mwaka uliotangulia, katika maabara ya profesa Macleod. Sindano ya kwanza, tarehe 11 Januari 1922, haikumsaidia kitu cha maana. Collip, mkemia wao, akakaa kuisafisha dawa, na walipoanza kumdunga ile mpya tarehe 23, sukari ya mkojoni ilishuka karibu kuisha na ketoni zikatoweka. Vibao vyangu viwili vilevile! Kabla ya hapo, dawa pekee ya watoto kama yule ilikuwa kuwanyima chakula, wakae na njaa wapate kuishi miezi kadhaa zaidi.

Sasa nieleze jinsi nilivyokuja kuelewa mambo yanavyokwenda ndani. Damu yote ya mtu mzima, kama lita tano, ikiwa kwenye 90 mg/dL ina gramu nne na nusu tu za sukari. Kijiko kimoja cha chai. Halafu mtu anaketi mbele ya bugali wa muhogo. Gramu 100 za unga mkavu wa muhogo zina zaidi ya gramu 80 za wanga, na mtu mwenye njaa Kadutu haishii hapo. Sukari yote itakayotoka kwenye wanga huo lazima ipite kwenye damu ya kijiko kimoja na kutafutiwa haraka mahali pa kukaa. Kongosho linatoa insulini. Misuli inaipokea sukari, ini linajaza akiba yake ya glikojeni, na palepale mafuta yaliyohifadhiwa yanaamriwa yasitoke. Hili la mwisho ndilo watu hawaambiwi. Insulini ni santineli, mlinzi, wa depo ya mafuta: maadamu amekaa getini, hakuna gunia linalotoka. Na hahitaji kuwa na nguvu nyingi. Kiasi cha insulini kinachotosha kuyazuia mafuta ni kidogo kuliko kile kinachohitajika kuisukuma sukari iingie misulini. Ndiyo sababu yule mzee mwenye kisukari cha ukubwani anaweza kuwa na sukari 300 na kibao cha ketoni kikakaa kimya. Insulini yake imeshindwa kuiondoa sukari damuni, lakini bado inatosha kuyazuia mafuta pale getini.

Ukiacha kula, insulini haikawii. Nusu ya ile iliyo damuni hupotea ndani ya dakika kama tano. Inayobaki juu kwa saa nyingi baada ya mlo ni ile ambayo kongosho linaendelea kuitoa kwa sababu chakula bado kinaingia. Usiku ini linaanza kutoa akiba yake. Lina kama gramu 100 za glikojeni. Misuli ina nyingi zaidi, kama gramu 400, lakini ni mchoyo, haigawi kwa mtu. Akiba ya ini inakwenda siku moja hivi. Inavyopungua, insulini inazidi kushuka, glukagoni, homoni inayofanya kinyume chake, inapanda, mafuta yanatoka yalikohifadhiwa na kufika kwenye ini.

Ini nalo lina kizuizi chake. Insulini ikiwa juu, ini liko kwenye kazi ya kutengeneza mafuta, na wakati huo linayazuia yale yaliyofika yasiingie sehemu ya seli yanakochomwa. Insulini ikishuka, kizuizi kinaondoka. Mafuta yanachomwa, na yanayozidi mahitaji ya ini yenyewe yanatumwa nje yakiwa ketoni. Ini linazitengeneza lakini haliwezi kuzitumia. Zinakwenda moyoni, kwenye misuli, na polepole kwenye ubongo. Ubongo kwa kawaida unakula kama gramu 120 za sukari kwa siku. George Cahill na wenzake huko Boston, miaka ya 1960, walionyesha kwamba mtu akikaa na njaa kwa majuma kadhaa, ketoni zinaweza kubeba mpaka theluthi mbili ya chakula cha ubongo.

Ubongo kwa sehemu iliyobaki, pamoja na chembe nyekundu za damu ambazo hazijui kuchoma kitu kingine, bado zinataka sukari. Kwa hiyo ini linaitengeneza, kutoka kwenye protini, kutoka kwenye uti wa mafuta unaobaki mafuta yakivunjwa, na kutoka kwenye asidi inayotoka misulini. Ndiyo maana sukari ya aliyefunga haifiki sifuri. Inakaa 65, 70, 80, hata siku zikipita. Anayeitazama glukometa akisubiri ishuke, ishuke, ishuke, atasubiri bure, na akiwa na dawa fulani mwilini anaweza kusubiri kitu kibaya. Nitafika huko.

Mimi mwenyewe niliingia kwenye habari hizi kwa sababu ya 114. Hiyo ndiyo glisemi yangu, yaani sukari ya damu, ya asubuhi siku tuliyopimana wafanyakazi. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, kati ya 110 na 125 ukiwa hujala ni tahadhari. 126 na zaidi, ikirudiwa, ni kisukari. Kwetu ugonjwa huu si mgeni. Mama mkubwa alikatwa mguu. Daktari aliniambia nipunguze wanga na nitembee, jambo la pili likiwa mzaha kwa mtu anayepanda na kuteremka Kadutu kila siku. Nikamwambia yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, naye ana sukari na tumbo kubwa, akasema, "Tufanye wote wawili, peke yangu sitaweza." Yaya alikuwa kwenye metformini tu, kidonge cha kisukari. Tulimuuliza daktari wake kwanza, akakubali.

Watu wanadhani chakula cha namna hii ni cha Wazungu, cha jibini na nyama za makopo. Soko la Nyawera lina kila kitu. Sambaza, kwanza. Hawa samaki wadogo hata si wazaliwa wa ziwa Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo sijui Bukavu ingekula nini bila wao. Hawana wanga. Avoka: gramu 100 zina kama gramu 8 na nusu za wanga, lakini karibu 7 kati ya hizo ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari, na mafuta gramu 15. Lengalenga (mchicha) iliyokaangwa na kitunguu kidogo, mayai, sombe (kisamvu) ya mawese, nyama ya mbuzi wikendi. Karanga kiganja kimoja, tena ukizihesabu, maana karanga zinakudanganya. Maharage ndiyo yaliyoniuma. Ni chakula kizuri na sukari yake inapanda polepole, lakini sahani moja iliyojaa inamaliza karibu posho yote ya siku kwa anayetaka kubaki chini ya gramu 50 za wanga, sembuse 20.

Na bugali. Kuacha sukari kwenye chai ni kazi ya juma moja. Kuacha bugali ni kujieleza mbele za watu. Nilipokaa na sahani ya sambaza na lengalenga bila kitu pembeni, mama mkwe aliitazama kwa huruma. "Mwanangu, hizo ni mboga. Chakula chenyewe kiko wapi?" Nikamwambia, "Mama, ni dawa." Neno dawa lilimtuliza. Tangu siku hiyo ananiongezea sambaza mwenyewe.

Juma la kwanza suruali zililegea na yaya akaanza kupiga simu kwa furaha. Nilimpunguzia sherehe. Kila gramu ya glikojeni inakaa na kama gramu tatu za maji. Akiba ikitoka, maji yanatoka nayo, na mizani inashuka kilo mbili tatu ambazo si mafuta. Tena insulini ikishuka, figo zinaacha chumvi ipite. Hapo ndipo kichwa kinapouma, miguu inakaza usiku, na ukisimama ghafla dunia inazunguka. Watu wanaita ugonjwa. Mimi niliipanda ngazi ya kutoka sokoni nikalazimika kushika ukuta. Supu ya samaki yenye chumvi ya kutosha, maji, na siku mbili baadaye nilikuwa mzima. Kwa mwenye presha anayekunywa dawa za kukojoza, habari ya chumvi lazima ipite kwa daktari wake. Nisionekane nimewatuma watu kulamba chumvi.

Mdogo wetu aliye Kigali alitutumia kimashine kinachopima ketoni za damu, na bandeleti zake chache, za bei ya kutisha. Kinasoma kwa milimoli, tofauti na glukometa zetu za miligramu. Mtu aliyekula kawaida anaonyesha chini ya 0.3. Kuanzia 0.5 mpaka kama 3 ndiyo ketosisi ya chakula. Asubuhi moja niliyokwisha kuzoea mlo huu nilipata sukari 96 na ketoni 1.2. Mpwa wangu aliyelala kwetu, kijana anayekula mikate asubuhi na bugali mara mbili kwa siku, nilimpima saa ileile kabla hajala: sukari 86, ketoni 0.1. Sukari yake ilikuwa chini kuliko yangu, na bado mimi ndiye niliyekuwa nikichoma mafuta. Ningetaka kuwaonyesha damu hizo mbili wote wanaoniuliza namba.

Tena asubuhi ndiyo saa mbaya ya kujihukumu. Alfajiri homoni za kuamka, kortizoli na wenzake, zinaliambia ini litoe sukari, hata kama hujaonja kitu tangu jana. Na aliye kwenye ketosisi kwa muda, misuli yake inaikataa sukari na kuuachia ubongo, kwa hiyo 95 au 100 ya asubuhi inaweza kuwa hali ya kawaida kwake. Kwa sababu hiyohiyo, anayetaka kufanyiwa kipimo cha kunywa glukozi lazima arudie kula wanga wa kutosha, angalau gramu 150 kwa siku, kwa siku tatu kabla. La sivyo majibu yanaweza kusema ana kisukari ambacho hana. Nimewaona watu wakilia kwa karatasi kama hiyo.

Yaya yeye alinipa somo jingine. Tulianza pamoja, tukala sawa, nyumba yake na yangu zinatazamana. Sukari yake ilianza kuteremka mapema, kutoka 160 hadi 130, mpaka akasema, "Nimekushinda." Lakini kibao chake cha ketoni kiliendelea kuwa krimu, siku baada ya siku, wakati changu kimegeuka waridi zamani. Akaanza kunishuku kwamba ninafunga kwa siri. Sababu iko kwenye ile tusiyoiona. Watu wawili wanaweza kuwa na sukari ileile, mmoja akiishikilia kwa insulini kidogo, mwingine kwa insulini mara tatu zaidi, kwa sababu mwili wake umeacha kuisikia na kongosho linapaza sauti. Glukometa inawaandikia namba moja. Santineli wa yaya walikuwa wengi getini, na hata idadi yao ilipoanza kupungua bado waliobaki walitosha kufunga. Ilichukua muda. Sukari ilitangulia, insulini ikafuata, ketoni zikaja mwisho.

Kuipima insulini yenyewe ni kazi ya mashine ambazo kituo chetu hakina. Njia ya kwanza ya uhakika ya kuipima damuni iliwekwa na Rosalyn Yalow na Solomon Berson huko New York mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa kazi hiyo Yalow alipewa Nobel mwaka 1977, Berson akiwa amekwisha kufariki. Sisi tunabaki kuikisia: kiuno, presha, sukari ya asubuhi, na kama mtu anafika kwenye ketoni upesi au kwa shida. Mimi ninaamini futi ya fundi cherehani kuliko watu wanavyofikiri.

Yaya alikuwa pia anakula nyama kama anakomoa mtu. Protini nayo inaita insulini, si kama bugali, lakini inaita. Alipopunguza kipande na kuongeza avoka, kibao kikabadilika. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hatukubishana sana. Ni ndizi, ni sukari, na pombe juu ya tumbo tupu inalizuia ini lisitengeneze sukari yake, kwa hiyo aliyefunga akinywa anaweza kuanguka.

Sasa ile niliyosema nitaifikia. Papa mmoja, yaani baba mmoja, mkristo mzuri, anakunywa glibenklamidi kila siku. Dawa hiyo inalikamua kongosho litoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Alisikia habari za ketosisi, akaamua kuunganisha: mfungo wa kanisa na tiba ya sukari kwa safari moja, na vidonge akaendelea navyo kwa uaminifu. Alifika kwetu jasho linamtiririka, anaongea maneno yasiyoshikana. 44. Tulimpa maji yenye sukari, tukampima tena baada ya robo saa, tukampa tena. Mkojo wake haukuwa na ketoni za maana, na sasa msomaji unaweza kusema kwa nini: insulini ilikuwa imelazimishwa iwe juu. Sukari iko chini kabisa, mafuta yamefungiwa, ubongo haupati hiki wala kile. Kati ya wote niliosimulia ni yeye ndiye aliyekuwa na namba ya chini kuliko wote, na ndiye aliyekuwa mbali zaidi na alichokitafuta. Alipopata nafuu akauliza, "Kwa hiyo niache vidonge?" Nikamwambia, "Papa, hilo si la labo. Mpelekee daktari karatasi hii, na umwambie unafunga." Daktari alimpangia upya.

Kwa wanaojichoma insulini kwa sababu kongosho halina yake tena, mambo ni kinyume, na hapa huwa ninapaza sauti. Kuna wanaoambiwa kwamba wasipokula hawahitaji sindano. Wanaihitaji. Kipimo kinaweza kubadilika, na daktari ndiye anayekibadilisha, lakini ile ya msingi haiachwi, maana ikiachwa wanaishia pale alipokuwa yule kijana wa Walungu. Ninajua ugumu wake. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na umeme wetu mnaujua. Kuna familia zinaiweka ndani ya chungu kilicholoweshwa maji, kivulini, na hiyo ni afadhali kuliko dirishani juani. Wajawazito na wanaonyonyesha nao ninawarudisha kwa daktari kabla hawajamaliza swali.

Bandeleti za Kigali ziliisha. Tumerudi kwenye kibao cha mkojo, ambacho kina ujanja wake: kinashika aina moja tu ya ketoni, ile asetoasetati, na hakiioni ile iliyo nyingi zaidi damuni. Kadiri mwili unavyojifunza kuzitumia, zinazomwagika mkojoni zinapungua, na zambarau ya juma la pili inaweza kuwa waridi hafifu mwezi unaofuata ingawa mtu hajagusa bugali. Yaya aliponipigia kusema ketoni zimemkimbia, nilimuuliza jana alikula nini, akanitajia sambaza, mayai, avoka nusu. Nikamwambia aendelee. Wiki iliyofuata daktari wake alimpima, sukari ya asubuhi ilikuwa 108, na mkanda wa suruali ya shemeji, ambao yaya alikuwa ameuazima kwa dharau, ulikuwa umetobolewa tundu jipya.

Mimi nimerudisha bugali kidogo, wa kiasi cha ngumi, Jumapili na siku za wageni. Siku inayofuata kibao kinakuwa krimu, na inachukua siku moja au mbili kabla hakijaanza tena waridi. Glisemi ya asubuhi inacheza kati ya 92 na 99. Mama mkwe bado anauliza dawa hiyo itaisha lini.